Utulivu au Ukimya? Historia ya Kijiji cha Bweni katika Mlango wa Mto Pangani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Bweni, kijiji kilichopo ukingo wa kusini wa mlango wa Mto Pangani, mkabala na mji wa Pangani, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Maandishi ya wasafiri wa leo huieleza sehemu hii kuwa ni ya kale na tulivu, kana kwamba utulivu huo umekuwapo tangu mwanzo. Makala yanadai kwamba hali hiyo ina tarehe na sababu zake: ilitokana na kukoma kwa biashara ya misafara, kujengwa kwa reli ya Tanga, kuporomoka kwa mkonge na kufungwa kwa maji ya mto kwa mabwawa. Aidha, yanabainisha kwamba Bweni imekaa kimya katika maandishi kwa kuwa takriban waandishi wote wa habari za mlango huu waliandika wakiwa ukingo wa kaskazini, au wakiutazama mto kutokea huko. Kwa kutumia ushahidi wa majina, msamiati na matini za Kiswahili, makala yanapendekeza historia ya mlango wa mto isomwe kutokea kingo zote mbili.

1.0 Utangulizi

Kiswahili hutofautisha utulivu na ukimya. Utulivu hutokana na kitenzi tulia. Ni hali ya kitu kilichokaa mahali pake baada ya kutikisika, kama maji yanavyotulia chunguni. Ukimya ni kutokuwapo kwa sauti, na mara nyingi ni kutosema kwa mtu ambaye angeweza kusema. Bahari hutulia, lakini shahidi hukaa kimya. Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya hubadilishana nafasi bila madhara. Kwa mwanahistoria tofauti yake ni kubwa, kwa sababu mahali palipotulia panaweza kuachwa pasiulizwe kitu, ilhali mahali palipokaa kimya panadai kuulizwa kwa nini hapasemi.

Bweni ni mahali pa namna hiyo. Kijiji kimekaa chini ya magenge ya upande wa kusini, pale Mto Pangani unapokutana na Bahari ya Hindi. Watu wake huishi kwa uvuvi, minazi na kilimo, na kwa shughuli zinazoambatana na kivuko. Ng'ambo yake ni mji wa Pangani wenye boma, forodha ya zamani na nyumba za mawe za wafanyabiashara. Mto unaotenganisha sehemu hizi ni mmojawapo wa mito mikubwa ya kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, hupokea vijito vya Upare na Usambara, na husafiri takriban kilomita 500 kabla ya kuingia baharini.

Vitabu vya historia vimeuandika mji wa Pangani kwa wingi. Bweni hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kwa kawaida kama mandhari inayoonekana ng'ambo. Makala haya yanahoji mgawanyo huo. Hoja yake kuu ni kwamba utulivu wa Bweni ni zao la historia, na kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa utulivu ni ukimya wa vyanzo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo huhusishwa na vyombo vya majini, lakini inaweza kusemwa pia juu ya hali ya kijiji: kimya chake kina waundaji, na waundaji hao wanaweza kutafutwa.

Mjadala umepangwa kwa kufuata wakati. Unaanza na jina na mahali, unapitia uchumi wa karne ya 19, vita vya 1888–1889, zama za reli na mkonge, na mabadiliko ya mto wenyewe, kisha unaishia kwenye msamiati wa kivuko wakati ambapo daraja limekwisha kuingia katika historia ya mlango huu.

2.0 Jina na Mahali

Majina mengi ya mahali katika mwambao wa Mrima huishia na kiambishi cha mahali -ni: Mtoni, Shangani, Tongoni. Tongoni, kijiji chenye magofu ya msikiti na makaburi kati ya Tanga na Pangani, ni mfano ulio wazi: tongo ni mahame, yaani mahali palipohamwa, na Tongoni ni penye mahame. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya historia, kwani linawaambia wasikiaji wake kwamba wapo waliotangulia.

Bweni nalo linaweza kuchanganuliwa kwa njia mbili. Ya kwanza inalichukulia kuwa nomino kamili, bweni, yaani nyumba walimolala vijana ambao hawajaoa. Ndiyo nomino ambayo wasemaji wa leo huijua zaidi kwa maana ya malazi ya wanafunzi. Ya pili inaligawa katika bwe na -ni. Mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya jiwe una sauti b, ambayo katika Kiswahili sanifu imedhoofika na kutupatia jiwe, mawe. Katika lugha ndugu za Komoro sauti hiyo imehifadhiwa, na huko bwe ndilo neno la jiwe hadi leo. Kwa uchanganuzi huu, Bweni ni penye jiwe, au penye mwamba.

Mandhari inaiunga mkono njia ya pili. Kijiji kimebanwa kati ya maji na magenge, na msafiri anayekitazama kutoka majini huona kwanza mwamba, kisha nyumba. Hata hivyo, ushahidi wa mandhari pekee hautoshi kufunga mjadala wa etimolojia, kwa kuwa njia ya kwanza nayo haivunji kanuni yoyote ya kisarufi. Kisiwani Mafia pia kuna kijiji kiitwacho Bweni. Kurudiwa huko kunaashiria kwamba jina linatokana na neno la kawaida lililoweza kutumika popote palipofaa, wala si tukio moja la mlango wa Pangani. Lililo muhimu kwa historia ni kwamba, kwa njia zote mbili, jina ni la Kibantu na la wenyeji. Halina uhusiano na wafalme wa nje, wala na biashara iliyokuja baadaye.

Mahali pa kijiji pana maana ya kilugha vilevile. Kwa jumla, bara la ukingo wa kaskazini ni nchi ya Wabondei, na la ukingo wa kusini ni nchi ya Wazigua. Kizigua, Kibondei, Kishambaa na Kingulu ni lugha zenye udugu wa karibu sana, na wanaisimu wamezikusanya katika kundi la Seuta. Kaskazini kidogo ya Pangani husemwa Kimtang'ata, lahaja ya Mrima ambayo Whiteley aliichapishia uchunguzi mwaka 1956. Mlango wa mto kwa hiyo haukuwa mpaka wa lugha kwa maana ya ukuta. Ulikuwa mahali ambapo wasemaji wa lahaja za Kiswahili na wasemaji wa lugha za Seuta walilazimika kusemezana, kwa sababu chombo cha kuvukia kilikuwa kimoja.

3.0 Kivuko, Pembe na Miwa

Mwanzoni mwa 1857 Richard Burton na John Speke walifika Pangani, wakapanda mto na kuendelea hadi Usambara kumwona Kimweri ye Nyumbai. Katika maelezo yake, Burton anaitaja Bweni miongoni mwa vijiji vilivyoukabili mji wa Pangani, chini ya magenge. Hiyo ni miongoni mwa nyaraka zinazothibitisha kwamba kijiji kilikuwapo kwa jina lake katikati ya karne ya 19. Inaonesha pia nafasi kilichopewa: mwandishi yuko mjini, na kijiji kinatazamwa.

Pangani ya wakati huo ilikuwa na utii wa pande mbili. Sultani wa Unguja alikuwa na mamlaka ya forodha na ya liwali wake, huku watawala wa Kilindi wa Usambara wakidai haki juu ya majumbe wa pwani. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kilichochapwa Magila kwa sehemu kuanzia mwaka 1895, kinaonesha wazi jinsi siasa za milimani na za pwani zilivyofungamana. Kiini cha kitabu hicho ni Vuga na nasaba ya watawala wake, lakini kwa msomaji wa historia ya mlango wa mto kina funzo kubwa: pwani haikuwa ukingo wa bahari tu, ilikuwa pia mwisho wa njia ndefu itokayo bara.

Njia hiyo ndiyo iliyoupa mji utajiri. Misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Kilimanjaro na Umasaini iliondoka Pangani, na miongoni mwa viongozi wake maarufu alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyefuatana na Joseph Thomson katika safari ya 1883, kisha na Teleki na von Höhnel walioondoka Pangani mwaka 1887. Wageni hao waliitwa wavumbuzi. Njia walizopita zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na wapagazi wa pwani, na maarifa ya maji, chakula na lugha za njiani yalikuwa ya akina Kimemeta.

Sambamba na pembe, katika nusu ya pili ya karne hiyo kingo za mto zililimwa miwa. Udongo wa mabondeni ulifaa, mto ulibeba mazao hadi baharini, na soko la sukari guru na asali ya miwa lilikuwapo Unguja. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Mkataba wa Juni 1873, uliopiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari, haukuiua biashara hiyo mara moja. Uliisukuma nchi kavu. Misafara iliyotoka upande wa Kilwa ilipanda kaskazini kwa miguu kwa kufuata mwambao, hadi Sultani Barghash alipoipiga marufuku nayo mwaka 1876.

Hapa jiografia inasema jambo ambalo maandishi hayakulikazia. Anayepanda kaskazini kwa miguu kwa kufuata mwambao hufika kwanza ukingo wa kusini wa kila mto. Katika Mto Pangani ukingo huo, karibu na bahari, ni Bweni. Kwa msafara wa wafungwa, kivuko ni mahali pa kusubiri: pa kungojea chombo, pa kungojea maji yapwe au yajae, pa kuhesabiwa kabla ya kupandishwa. Nyaraka za mjini ziliandika bidhaa zilipofika forodhani. Kungojea kwa ng'ambo hakukuandikwa, kwa kuwa hakukutozwa ushuru.

Msamiati wa Kiswahili umehifadhi baadhi ya yale ambayo daftari za forodha ziliyaacha. Neno mjinga liliwahi kumtaja mtumwa mgeni ambaye hajazoea desturi za pwani, kabla ya kupata maana ya leo ya mtu asiye na maarifa. Mzalia alikuwa mtoto wa watumwa aliyezaliwa pwani. Mjoli alikuwa mtumwa mwenzi wa bwana mmoja. Kibarua, yaani barua ndogo, ilikuwa hati iliyohusu kazi ya siku ya mtumwa aliyekodishwa. Baadaye neno likahamia kwa mtu mwenyewe, na kutoka kwake likahamia kwenye kazi. Maneno haya yameendelea kuishi, huku watu waliyoyazaa wakiwa hawatajwi. Katika jamii iliyothamini sana uungwana, hapakuwa na sababu ya familia kutangaza kwamba babu yake aliletwa kwa kamba. Ukimya wa aina hii ulikuwa ngao ya heshima, na mtafiti hana budi kuuheshimu hata anapoutaja.

4.0 Vita vya 1888–1889 na Upande wa Msimulizi

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao. Agosti ya mwaka huo mwakilishi wake, Emil von Zelewski, alifika Pangani kupandisha bendera ya kampuni. Vitendo vyake, ukiwamo uvamizi wa msikiti uliowakasirisha Waislamu wa mji, viliwasha moto ambao ulikuwa umekwisha kuandaliwa na hofu ya kodi mpya na ya kupoteza biashara. Kufikia Septemba mwambao ulikuwa umeasi. Aliyejitokeza kuongoza upande wa Pangani alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa katika eneo hilo. Hermann von Wissmann aliutwaa mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Tukio hili lilizaa matini muhimu ya fasihi ya Kiswahili, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliotungwa na Hemedi bin Abdallah bin Said al-Buhriy na baadaye kuhaririwa na J.W.T. Allen. Utenzi huo ni ushahidi wa mtu wa wakati ule na wa pwani ile ile. Thamani yake kwa historia haiko katika mpangilio wa matukio peke yake, bali pia katika upeo wa hisia: namna wenye heshima wa Mrima walivyouona uvamizi kuwa kuvunjwa kwa adabu ya dini na ya utawala kabla ya kuwa kushindwa kwa silaha.

Hata hivyo, utenzi una mahali unaposimama. Mtungaji wake alikuwa mwanazuoni, na matini yake inazungumza kutoka ndani ya tabaka la walioandika. Ndivyo ilivyo hata kwa nyaraka za Wajerumani, ambazo zilizungumza kutoka ndani ya boma. Vyanzo hivi viwili vilipigana kwa wino kama wenye navyo walivyopigana kwa risasi, lakini vyote viwili vilikuwa vyanzo vya wenye mji na wenye dola. Wakulima, wavuvi na watumwa wa kingo za mto walikuwamo vitani. Jonathon Glassman, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995, alisisitiza kwamba maasi ya 1888 hayaeleweki bila kuzingatia madai ya watu wa chini dhidi ya wakubwa wao wenyewe, si dhidi ya Wajerumani peke yao. Hoja hiyo ikipelekwa mlangoni mwa mto inazaa swali la mahali: madai hayo yalisikikaje katika vijiji vilivyotazama mji kutoka ng'ambo, ambavyo watu wake walihitaji kuvuka maji ili wafike sokoni, msikitini na barazani kwa liwali?

Swali hili halijibiwi kwa kuulaumu utenzi kwa yale ambayo haukukusudia kuyasema. Linajibiwa kwa kuusoma pamoja na jiografia yake. Mto uliwatenga watu wa Bweni na maamuzi ya mji, lakini haukuwatenga na matokeo yake. Kila bendera iliyopandishwa ukingo wa kaskazini ilionekana ukingo wa kusini siku hiyo hiyo.

5.0 Reli, Mkonge na Kupungua kwa Bandari

Baada ya vita, Pangani haikuanguka kwa kupigwa bali kwa kupitwa. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, na mwaka 1911 reli hiyo ilifika Moshi. Njia yake ilifuata nchi zile zile ambazo misafara ya Pangani ilizifuata: Usambara, Upare na Kilimanjaro. Tofauti ilikuwa mwisho wake, ambao sasa ulikuwa Tanga, yenye bandari ya kina kirefu. Pangani ilikuwa na kizuizi cha mchanga mlangoni, na meli kubwa hazikuweza kuingia. Biashara ambayo kwa vizazi vingi ilishuka pamoja na bonde la mto iligeuzwa kwa chuma na kupelekwa kaskazini. Hapo ndipo utulivu wa mlango huu unapoanza kuhesabika.

Katika miaka hiyo hiyo eneo la Pangani lilipokea mmea uliokuja kubadili sura ya Tanganyika nzima. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani.

Mkonge ulileta watu. Wafanyakazi waliletwa kwa mikataba kutoka magharibi na kusini mwa nchi, na hata kutoka nje ya mipaka yake, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 uliundwa mfumo maalumu wa kuwaajiri, uliojulikana kwa jina la SILABU. Neno manamba linafaa kuwekwa kando ya kibarua. Yote mawili yanamtaja mtu kwa karatasi yake: la kwanza kwa tarakimu aliyoandikiwa, la pili kwa hati ya kazi yake. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini mazoea ya kumwita mfanyakazi kwa nyaraka yalidumu katika lugha. Wengi wa walioletwa hawakurudi kwao. Walioa, walizaa na kuzikwa katika vijiji vya wilaya hiyo, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wao.

Ukingo wa kaskazini uliendelea kutoa waandishi. Shaaban Robert, aliyeingia Idara ya Forodha mwaka 1926, alipata kutumikia Pangani katika utumishi wake. Si jambo dogo kwamba mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili cha karne ya 20 alifanya kazi katika mlango wa mto huu. Kazi yake, hata hivyo, ilikuwa ya forodhani, upande wa pili wa maji. Kwa mara nyingine kalamu ilikuwa ng'ambo ya Bweni.

Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge. Wakati huo huo kamba za nyuzi za viwandani zilikuwa zimekwisha kuishusha bei ya mkonge duniani. Mashamba yalipungua, mengine yakageuka msitu. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ililipa neno kijiji maana ya kisheria: eneo lililoandikishwa, lenye halmashauri na mipaka. Kabla ya hapo kijiji kilikuwa udogo wa mji tu, kama umbo la neno linavyoonesha. Tangu hapo kikawa ngazi ya dola.

6.0 Mto Uliofungwa Juu

Sababu ya nne ya utulivu wa mlango huu iko mbali nao. Katika miaka ya 1930 maporomoko ya Pangani yalianza kutumika kuzalisha umeme. Mwaka 1964 kilifuata kituo cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21. Mwaka 1968 kituo cha Nyumba ya Mungu, megawati 8. Na mwaka 1995 kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, megawati 68. Wakati huo huo kilimo cha umwagiliaji kilipanuka katika nyanda za juu, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru.

Taa zilizowaka mijini zilikuwa na gharama mlangoni. Maji matamu yanayofika baharini yalipopungua, maji ya chumvi yalipata nafasi ya kupanda mto zaidi, hasa wakati wa bamvua na wa kiangazi. Kwa mkulima wa kingo za chini, hili si suala la takwimu. Ardhi iliyoloweshwa na mto kwa karne nyingi inaanza kunywa bahari, na mnazi au mpunga hauwezi kuhamishwa kama mashua.

Kipengele hiki hukosekana katika maelezo yanayoisifu sehemu hii kwa utulivu wake. Mto uliopungua nguvu huonekana mpole, na mgeni husifu upole huo bila kujua kwamba maji yaliyokosekana yamekwisha kutumika mara kadhaa kabla ya kufika kwake. Aliyeketi ukingoni anauona mto ule ule wa mababu zake kwa jina. Kwa maji, si ule ule.

7.0 Ng'ambo, Kivuko na Daraja

Neno ng'ambo ni kiashiria. Maana yake haiko ndani yake bali mahali aliposimama msemaji: Pangani ni ng'ambo kwa aliye Bweni, na Bweni ni ng'ambo kwa aliye Pangani. Katika mazungumzo ya ana kwa ana usawa huu haupotei. Katika maandishi hupotea, kwa kuwa maandishi huwa na msemaji aliyekaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Unguja inatoa mfano mashuhuri. Huko Ng'ambo limekuwa jina rasmi la upande mmoja, uliokaliwa na watu wa chini, waliokuwa watumwa wakiwamo, kwa sababu waliokuwa na uwezo wa kuandika majina kwenye ramani walikaa Mji Mkongwe. Kiashiria kiligeuka jina, na jina likawa daraja la kijamii.

Bweni haikupoteza jina lake kwa namna hiyo, lakini ilipatwa na mkasa wa jamaa yake. Kwa miaka mia na zaidi imekuwa ng'ambo ya historia. Dawa yake ni kuuliza kila chanzo swali moja jepesi: aliyesema haya alikuwa amesimama ukingo gani?

Swali hili limepata uharaka mpya. Daraja la meta 525 lilipangwa katika mlango wa mto, likiwa sehemu ya barabara ya mwambao inayounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Manufaa yake kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara hayahitaji kutetewa; aliyekesha ukingoni akisubiri pantoni na mgonjwa mikononi hahitaji kuelezwa uzuri wa kungoja. Kwa isimu na historia, hata hivyo, kivuko ni hazina ya lugha. Watu wa kivuko huishi kwa bamvua na maji mafu, kwa kusi na kaskazi, kwa kasia na upondo, na kwa vitenzi vuka, vusha na vushwa, ambavyo kila kimoja kinamweka mtu mahali pake: anayejivukia, anayewavukisha wengine, na anayevushwa asiyekuwa na hiari. Historia yote ya mlango huu inaweza kupangwa chini ya vitenzi hivyo vitatu.

Msamiati wa kazi hudumu maadamu kazi inadumu. Manahodha, wavuvi na wapiga kasia waliozaliwa Bweni ndio wanaojua majina ya mikondo, ya mafungu ya mchanga na ya nyakati za maji katika mlango huu. Maarifa hayo hayajapata kuwa na ofisi, kwa hiyo hayana jalada. Kazi ya kuyakusanya ni ya idara za Kiswahili na za historia, nayo inapaswa kufanyika wakati ambapo wenye nayo bado wanavuka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hali inayoitwa utulivu wa Bweni ina historia inayoweza kufuatiliwa. Misafara ya pembe na ya watumwa ilikoma. Reli ikaihamishia biashara Tanga. Mkonge ukaja na watu wake, kisha ukaporomoka. Na mto ukagawanywa juu kabla ya kufika chini. Yameonesha pia kwamba vyanzo vikuu vya habari za mlango huu, kuanzia Burton hadi karani wa forodha, na kuanzia utenzi wa vita hadi jalada la boma, havikuandikwa kutokea ukingo wa kusini.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanatolewa. Kwanza, watafiti wa matini za Mrima wasome mahali pa msimulizi kwa uzito ule ule wanaosomea bahari na vina, kwa kuwa mahali hapo huamua nani atatajwa na nani atakuwa mandhari. Pili, majina ya mahali na msamiati wa kazi uhesabiwe kuwa nyaraka, hasa katika vijiji ambavyo havikupata mwandishi. Bweni haikuwa na liwali wala mtunzi mashuhuri. Ilikuwa na jina, kivuko na watu waliovuka na kuvushwa, na lugha yao bado inaweza kusikika.